Mkondo unaniita, au Mkondo ananiita?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 31, nakaa Kigamboni, nafanya uhasibu mjini na navuka na pantoni kila siku. Mama ni Mlutheri, marehemu baba alikuwa Mwislamu, kwa hiyo nimekua nikisali huku na kufunga kule. Aliyenilea ni bibi mzaa baba, ambaye alikuwa akichokoa pweza Mjimwema. Alifariki miaka mitatu iliyopita. Baada ya arobaini nilianza kumsikia asubuhi nikiwa kwenye pantoni, ananiita kwa jina langu la utotoni. Nikaanza kuandika, na sasa nina kauntabuku nne. Ninaamini kuna Mkondo, unaopita ndani ya kila kitu, chenye uhai na kisicho na uhai. Waliokufa wako Kilindini. Siku Mkondo umejaa naiita Bamvua: kila kitu kinang'aa, nalia bila huzuni. Siku umekauka naiita Maji Mafu. Kosa la kumzuia mtu mwingine asifikiwe na Mkondo naliita Uzio. Mara mbili amenikataza jambo nikaja kuona faida yake. Kanisani siku hizi naenda Krismasi tu. Mama mkubwa anasema nina majini, anataka kunipeleka kwenye maombi. Baba mdogo anasema nisomewe. Ofisini wananitania kuwa ni freemason. Marafiki zangu wawili wameniomba niwafundishe, na mmoja ameomba maji ya bahari niliyoyaombea ampake mwanawe anayeshikwa na degedege. Mwalimu, hii ni dini? Nawaelezaje watu maneno yangu wasinione chizi? Au niache?"

Marahaba, binti yangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na nitaijibu kuanzia mkiani, maana huko ndiko ulikotia jambo lisilosubiri.

Yule mtoto. Mpigie rafiki yako leo, usimwandikie ujumbe, umwambie ampeleke mwanawe hospitali. Maji usimpe, hata kama ni ya kupaka tu, hata kama mwenyewe unayaamini. Watu wa pwani tangu zamani tumelihusisha degedege na dege, yule ndege mkubwa anayepita juu ya nyumba na kivuli chake kikamwangukia mtoto, ndiyo maana akina mama wengi hutafuta cha kupaka na cha kufukiza kabla hawajaikumbuka zahanati. Lakini kinachotokea mwilini kinajulikana. Ubongo wa mtoto umepata msukosuko, mara nyingi kwa sababu ya homa, na hapa kwetu nyuma ya homa hiyo huenda kuna malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Ikiwa hana homa, huenda ni kifafa, nacho kina dawa. Malaria kali humwondoa mtoto kwa saa, haingoji wiki. Akishikwa tena kabla hawajafika, alazwe kwa ubavu, nguo zilegezwe shingoni, na mdomoni asitiwe chochote: kijiko, maji wala dawa. Ukishapiga simu hiyo, rudi tuendelee.

Umeuliza kama watu watakuona chizi. Hukuuliza kama wewe ni chizi, lakini nadhani swali hilo nalo hukuamsha usiku. Nikwambie ninachokijua. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Dewi Rees, alichapisha matokeo ya mazungumzo yake na wajane karibu 300, wanawake kwa wanaume. Karibu nusu yao walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia marehemu, na wengi wao walikuwa hawajamwambia mtu yeyote. Walikuwa watu wazima wa kawaida, wanapika na kwenda sokoni. Sikio lililoitwa kwa jina lile lile miaka ishirini na kitu halijifunzi ukimya kwa siku arobaini. Ongeza na pantoni yenyewe: umeamka gizani, umesimama umebanwa na watu, injini inanguruma sauti moja, macho yako majini. Hapo akili husinzia nusu, na ikisinzia hukamilisha yenyewe kile inachokitamani. Sisemi kwamba bibi hayupo. Hilo si la kwangu kusema. Nasema tu kwamba kumsikia peke yake hakukufanyi mgonjwa.

Kinachonifanya nikuulize zaidi ni lile neno "amenikataza". Sauti inayokuita kwa jina na kunyamaza ni jambo moja, sauti inayoamrisha ni jambo jingine. Ikianza kukuamuru ujidhuru au umdhuru mtu, ukapitisha siku tatu nne hulali na huchoki, ukaona redio au mabango ya barabarani yanakusema wewe, ukaacha kula kwa sababu Mkondo umekataza, au ukagawa mshahara wote kwa siku moja kwa furaha isiyo na sababu, basi usisubiri kuniandikia tena. Nenda na mtu unayemwamini hospitali ya rufaa ya mkoa pale Temeke, au Muhimbili kwenye idara ya magonjwa ya akili, na uyaseme haya haya uliyoniambia. Daktari mzuri hatakuuliza kwanza unaamini nini. Atauliza unalala? Unakula? Kazini unafika? Na katika barua yako naona mtu anayevuka kila siku, anayefunga hesabu za watu, na aliyekumbuka kusema shikamoo.

Sasa mama mkubwa. Usimkasirikie upesi. Umetoa bahari, alfajiri, sauti isiyo na mwenyewe na machozi yasiyo na msiba, na mtu yeyote aliyekulia kati ya Tanga na Mtwara ana jibu la fumbo hilo mfukoni: maruhani, subiani, majini ya baharini. Hakukutukana. Amekutafsiri kwa lugha aliyonayo, kwa kuwa wewe ulimpa maneno bila kumpa mambo. Baba mdogo vivyo hivyo. Hao wa ofisini waache tu. Mjini hapa freemason limekuwa jina la kila mwenye siri, mwenye hela zisizoelezeka au mwenye pete kubwa, wakati freemason wa kweli ni chama chenye wanachama, viapo na kumbi za kukutania. Mtu mmoja na kauntabuku zake nne hawezi kuwa chama.

Je, hii ni dini? Kwa neno lenyewe, hapana. Dini tumelipata kwa Waarabu, na kwao mzizi wake ni ule ule wa neno deni. Ndani ya dini mna kudaiwa. Anayeamka kuswali alfajiri anadaiwa, anayetoa zaka au fungu la kumi anadaiwa, na wenzake wanajua kwamba anadaiwa na watamuuliza akikosekana. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, kwenye kazi yake ya mwaka 1912, aliliona jambo hilo kwa namna yake: dini huwaunganisha wanaoamini kuwa jamii moja. Wewe huna wa kukuuliza ukikosekana. Ulichonacho ni imani, na imani ya mtu mmoja si kioja kipya. Mwaka 1985 mwanasosholojia wa Marekani Robert Bellah na wenzake walimweleza muuguzi kijana, wakampa jina la kubuni Sheila Larson, aliyesema anamwamini Mungu, hakumbuki mara ya mwisho kuingia kanisani, na imani yake ameipa jina lake mwenyewe. Wasomi wanamgombania mpaka leo. Wengine humwona dalili ya watu kuachana mmoja mmoja, wengine humwona mtu mkweli. Mimi kila nikimsoma naona mtu aliyekosa jirani wa kumuuliza maswali.

Kisheria huna kosa. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi katika mambo ya dini, pamoja na uhuru wa kubadili. Hata karani wa sensa hana haja nayo. Sensa ya mwisho kuwauliza Watanzania dini zao ilikuwa ya 1967.

Tuje kwenye maneno, ambako mimi ningeweza kukaa mpaka magharibi. Nimeihesabu barua yako. Umeandika Mkondo "unaopita", Mkondo "umejaa", siku "umekauka". Halafu, bila kujikwaa, ukaandika "amenikataza". Sidhani kama uliona ulichofanya. Kiswahili hakimwachi msemaji akwepe. Ukisema Mkondo unaniita, umeuweka pamoja na mto, moto na mwezi: una nguvu, unavuta, lakini haukujui. Ukisema Mkondo ananiita, umempa nia. Anakujua, anaweza kuudhika, unaweza kumwomba na unaweza kumkosea. Ni herufi moja tu, na hizo ni imani mbili tofauti kabisa.

Usidhani umeanza wewe. Roho ni neno la Kiarabu, ndugu wa neno lao la upepo, kama vile pepo wetu alivyo ndugu wa upepo wetu. Tunasema roho yangu inauma, roho zao nzuri. Lakini Wakristo walipotaka kusema juu ya Roho aliye nafsi, wakaivunja sarufi kwa makusudi: Roho Mtakatifu, alishuka, aliwajaza. Fungua moja ya tafsiri za Qurani za Kiswahili zinazosomwa sana, ile ya Barwani, utakuta Roho Takatifu, sarufi imeachwa ilivyo, na wafasiri wanasema aliyekusudiwa ni Jibrili. Kwa hiyo ndani ya nyumba mliyolelewa, kati ya kitabu cha mama na kitabu cha baba, kulikuwa na tofauti ya herufi m, na nyuma ya herufi hiyo kuna karne nyingi za ubishi. Nao wazee waliotambika kabla ya vitabu vyote viwili walikuwa na njia ya tatu. Walisema mizimu imekasirika, mizimu inataka. Inakasirika kama mtu, inataka kama mtu, ila hawakuipa a- wala wa-. Walijua walichokuwa wakikiheshimu, na walijua kwamba si mtu wa kusalimiana naye barabarani.

Kwa hiyo nakupa kazi. Chukua kalamu nyekundu, pitia kauntabuku zote nne, zungushia duara kila kiambishi kilichofuata neno Mkondo. Kisha tazama tarehe. Nakisia, na ninaweza kukosea, kwamba utakuta u- siku za kawaida, na a- siku ulizomkumbuka sana bibi. Ikiwa ndivyo, basi chini ya neno moja umefunika vitu viwili: kuna jambo unaloliamini juu ya ulimwengu, na kuna mtu unayemlilia. Vyote viwili ni halali. Vikikaa chupa moja vitaharibiana, kwa sababu siku utakapoacha kuuamini Mkondo itakuwia kama umemzika bibi mara ya pili.

Neno Bamvua ndilo lililonitoa nyumbani. Nilishuka Feri kununua changu, nikamkuta mvuvi ameketi anashona wavu, uzi ameubana kwa kidole gumba cha mguu. Nikamuuliza bamvua ni nini. Akanitazama kama anayejiuliza mzee huyu ametoka bara lini. "Bamvua maji yanajaa sana na yanakupwa sana," akasema. "Saa kumi alfajiri yako hapa," akaonyesha ukutani juu ya kichwa chake, "saa nne asubuhi unakwenda mwambani kwa miguu." Ndivyo ilivyo. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, jua na mwezi huvuta bahari kwa mstari mmoja, na hapa Dar tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Katikati ya hapo, mwezi ukiwa nusu, ndiyo maji mafu: hayajai sana, hayakupwi sana, hayafiki hata nusu ya mwendo ule.

Sasa rudi kwenye daftari lako. Wewe Bamvua umeifanya siku ya kujaa tu. Bibi yako alikuwa akitoka na kijiti chake saa ngapi? Pweza hachokolewi maji yakiwa kifuani. Alitoka wakati bahari imekupwa mpaka mwamba umekaa wazi, na maji hukupwa hivyo wakati wa bamvua hiyo hiyo. Riziki iliyokulea ilitoka kwenye kupwa, si kwenye kujaa. Na Maji Mafu umeyaeleza kama kukauka, kumbe hayajakauka hata kidogo, ila tu hayaendi mbali. Sijui wewe utafanya nini na hilo, maana imani ni yako. Mimi ningekuwa ndiye mwenye kauntabuku hizo, ningefuta ukurasa mzima na kuanza upya kwa furaha, kwa sababu neno limejua zaidi yangu.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya neno lililookotwa na neno lililozuliwa. John Mbiti, padri na msomi kutoka Kenya, alichukua sasa na zamani, maneno ambayo hata mtoto anayo, akayapa kazi maalumu kwenye kitabu chake cha mwaka 1969: waliokufa wangali katika Sasa maadamu kuna anayewakumbuka kwa majina, na baadaye huzama katika Zamani. Wengi walimpinga, wakasema Waafrika hawafikirii wakati namna hiyo. Lakini waliweza kumpinga kwa sababu alisema wazi anaanzia wapi na ameongeza nini. Nawe sema hivyo hivyo: Bamvua ya wavuvi ni hii, ya kwangu ni hii, nimeongeza hapa. (Kilindini nalo lifikirie. Mtu wa Mombasa ukimwambia wafu wako Kilindini atadhani wanashusha makontena bandarini.)

Kuna hatari moja ya maneno ya mtu peke yake, na aliyeieleza vizuri ni mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein, katika maandishi yaliyotoka mwaka 1953, yeye akiwa ameshafariki. Mfikirie mtu anayeweka alama kwenye shajara kila anapopata hisia fulani, hisia ambayo hakuna mwingine awezaye kuiona. Leo ameweka alama. Ni nani atakayemwambia kwamba leo amekosea, kwamba hii si ile ya jana? Hakuna. Basi lolote litakaloonekana kwake ni sahihi litakuwa sahihi, na hapo neno sahihi limekwisha kazi. Jiulize: ulishawahi kuiita siku Bamvua ukaja kugundua haikuwa? Na zile mara mbili ulizokatazwa ukaona faida, kuna mara ngapi ulikatazwa na hakuna lolote lililotokea? Wewe ni mhasibu. Hesabu ya mapato bila matumizi huwezi kuisaini. Mara zile nyingine nazo ziandike.

Neno lako bora ni Uzio, na nasikitika umelipa sentensi moja tu. Mengine yote yanasema unavyojisikia. Hili peke yake linakudai kitu juu ya mwenzako. Ila litazame lilivyo baharini: uzio wa wavuvi haumzuii samaki kuingia. Anaingia mwenyewe maji yakijaa, na maji yakikupwa ndipo anapojua hatoki. Nitarudi hapo.

Nawaelezaje watu? Anza na mambo, maneno yaje mwisho, na kwa watu wengi yasije kabisa. Mama hahitaji neno Mkondo. Mwambie: "Mama, tangu bibi afariki, asubuhi kwenye pantoni huwa namkumbuka sana. Nakaa kimya, namwombea, nikifika naandika. Nikifanya hivyo siku yangu inakwenda vizuri." Hapo hakuna hata neno moja la kutafsiriwa kuwa jini. Akiuliza kama bado unamwamini Yesu, mjibu ukweli, hata kama ukweli ni kwamba hujui. Atalia, na kilio cha mama hakina njia ya mkato. Ila atakuwa analia juu ya kitu alichokisikia kwako, si alichokisia.

Na baba mdogo. Hapa nilisimama niliposoma barua yako mara ya pili. Huyo bibi unayemsikia ni mama yake mzazi. Amezika mama, kabla au baada ya hapo amezika kaka, na sasa binti wa kaka yake anasema anaitwa na marehemu. Je, umewahi kumuuliza kama naye humsikia? Muombe mkae mumsomee dua pamoja, wewe na yeye. Sidhani atataja majini siku hiyo.

Ukishauriwa usomewe au uombewe, sina sababu ya kukukataza. Kusomewa Qurani na mtu mwenye adabu, au kuombewa na mchungaji anayekujua, hakujamuumiza mtu. Mipaka yangu ni mitatu na sina mjadala nayo. Usipigwe. Usiuziwe. Usiambiwe uache dawa yoyote uliyopewa hospitali.

Je, uache? Njia zako ziko wazi, na kila moja ina gharama yake. Kuacha unaweza, ila kauntabuku usizichome. Kitu kilichokubeba miaka mitatu ya msiba kiweke kabatini. Unaweza pia kubaki nayo ndani ya dini mojawapo kati ya zile ulizolelewa, ikawa lugha yako ya maombi. Wamefanya hivyo watu wakubwa kuliko sisi. Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani wa karne ya 12, alijitungia lugha ya maneno kama 1,000, hata Mungu akampa jina jipya, Aigonz, na hakuacha utawa. Masufi, Waislamu wa njia ya kiroho, ambao tarika zao zimejaa pwani yetu, hutofautisha makamu, ambayo mtu huifikia kwa juhudi, na hali, ambayo humshukia moyoni na kumwondokea bila kumuuliza. Bamvua yako wangeiita hali. Neno hilo tunalo midomoni kila tukiulizana "hali gani?" na hatusikii tena lilichobeba. Ignatius wa Loyola naye, padri Mhispania wa karne ya 16, aliweka kanuni ambayo ningependa uiandike kwenye jalada la kauntabuku ya tano: ukiwa katika ukavu wa roho, usibadili uamuzi uliofanya ulipokuwa na faraja. Kwa lugha yako, katika Maji Mafu usihame, usiolewe, usiache kazi.

Lakini sitakudanganya kuhusu njia hii. Sheikh ukimweleza yote, pamoja na Mkondo ulio ndani ya kila kitu, ataona shirki, yaani kumshirikisha Mungu, au bid'a, yaani uzushi katika dini. Mchungaji ataona mafundisho mageni. Hawatakuwa wanakuonea, wanalinda wanachokilinda. Ikiwa katika moyo wako Mkondo ni jina jingine la Mungu wao, mna mengi ya kuzungumza. Ikiwa ni kitu kingine, usijifiche kwenye mkeka wao wala benchi lao. Utachoka wewe na watachoka wao.

Kufundisha ndiko kunakonitia hofu, na hapa narudi kwenye uzio. Leo wawili wanataka wafundishwe, na mmoja tayari ameomba maji. Tazama ilivyo haraka. Hujafundisha neno hata moja na mgonjwa ameshaletwa. Mwaka 1904, kule Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alisema amechukuliwa na nguvu iitwayo Hongo hadi ndani ya maji, akatoka na dawa ya maji. Sidhani alikuwa tapeli. Alitumia maneno ambayo kila mtu wa bonde la Rufiji alikuwa nayo tayari, maji na mizimu, ndiyo maana yalisafiri mbali kuliko yeye. Agosti 1905 Wajerumani walimnyonga, na Vita vya Majimaji viliendelea mpaka 1907 bila yeye, maji yakigawiwa na watu ambao hakuwahi kuwaona, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa ni makumi kwa makumi ya maelfu. Na wewe umri wako unakutosha kukumbuka foleni za kikombe cha dawa kule Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Neno likishatoka mkononi halikuulizi tena.

Ukiamua hata hivyo kukusanya watu, ujue si jambo la sebuleni tena. Jumuiya ya kidini husajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, chini ya Sheria ya Jumuiya, na inatakiwa kuwa na katiba na viongozi. Ukianza kutibu, hata kwa maji ya bure, unaingia kwenye Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002. Ushauri wangu ni kwamba usifundishe mwaka huu. Hao wawili waalike kama wasikilizaji wenye ruhusa ya kubisha: wasomee ukurasa mmoja, wakuulize chochote, na wewe uwe na ruhusa ya kusema "hapo sijui". Hao ndio majirani ambao Sheila hakuwa nao. Na kila mwisho wa mazungumzo hakikisha mlango umebaki wazi, ili anayetaka kutoka atoke maji yakiwa bado yamejaa.

Mwezi ukiwa mpevu, omba ruhusa kazini nusu siku, nenda Mjimwema saa nne asubuhi. Mchukue baba mdogo. Vaa viatu, mwambani kuna viumbe wa bahari wenye miiba. Atakuonyesha mama yake alikuwa akipita wapi.

Na yule mtoto, niandikie hospitali wamesemaje.